Umri wa Meno

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, dadangu alinitumia picha ya eksirei kwa WhatsApp saa nne usiku, bila salamu. Chini yake alikuwa ameandika: "80,000. Daktari anasema tunaweza kuanza sasa. Wewe husoma vitu, tuambie."

Ilikuwa picha ya mdomo wa mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Meno ya juu ya mbele yametangulia, ya chini yamebaki nyuma, na katikati pana nafasi ya kupitisha kidole. Nilijua huo mdomo. Ni wangu.

Katika familia yetu mimi ndiye mtu wa kusoma vitu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, lakini ile sifa ilibaki, na huja na kazi za bure kama hii. Nikaandaa chai, nikampigia. Daktari alikuwa amempa njia mbili. Ya kwanza, kuanza sasa na kifaa cha plastiki cha kuvaa na kuvua, kinacholazimisha taya la chini lije mbele, kwa mwaka mmoja hivi. Halafu akifika miaka 12 awekwe bresi kamili za kumalizia. Ya pili, kungoja hadi 12 na kufanya yote kwa mpigo.

Kwenye grupu ya familia kila mtu tayari alikuwa na msimamo. Mama aliandika maneno manne tu: samaki mkunje angali mbichi. Shemeji akajibu kwamba hiyo 80,000 ni biashara ya daktari, mtoto atakua, meno yatajipanga yenyewe. Binamu mmoja akauliza kwani mtoto mwenyewe amelalamika.

Nilidhani nitapata jibu usiku huo huo. Nilipata zaidi ya miaka 100 ya madaktari wakibishana juu ya methali ya Mama.

Mwanzo wake ni mkavu kidogo, nitaupita haraka. Mwaka 1728, Paris, Pierre Fauchard alichapisha kitabu kiitwacho Le Chirurgien dentiste, na ndani yake anaeleza jinsi ya kunyoosha meno kwa kuyafunga na uzi kwenye utepe wa madini. Jino lililokaidi alilikamata kwa koleo, akalisukuma kwa nguvu hadi mahali pake, kisha akalifunga kwa majirani zake lishike. Ganzi ya kisasa ilikuwa bado iko zaidi ya miaka 100 mbele. Sijui mtoto gani alikubali.

Mtu aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma ni Mmarekani, Edward Angle, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1855. Mwaka 1899 alichapisha mpango wa kugawa midomo iliyopishana katika madaraja matatu, na madaktari wanautumia hadi leo, hata Nairobi. Kwenye fomu ya mpwa wangu imeandikwa daraja la pili. Angle hakuanza na meno ya mbele ambayo sisi wengine ndiyo tunayaona. Aliangalia gego la kwanza la ukubwani: la juu linakutana vipi na la chini? Gego hilo huota mtoto akikaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila kung'oa jino lolote. Ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni la utotoni na kuliacha lioze, eti litang'oka. Halitang'oka. Na ndiyo sababu mojawapo ya chama cha wataalamu wa kupanga meno wa Marekani kushauri mtoto aangaliwe mara ya kwanza asizidi miaka saba. Kumbuka ni kuangaliwa, si kufungwa nyaya. Hilo peke yake lingetuokoa nusu ya kelele kwenye grupu.

Angle alikuwa mtu wa imani kali. Aliamini kila mdomo una nafasi ya meno yote 32, na kwamba ukiyaweka meno mahali pake, mfupa utakua uyafuate. Mwaka 1911 Calvin Case alisimama mbele ya wenzake na kusema hapana, watu wengine hung'olewa meno ili nafasi ipatikane, na huo ugomvi ukaacha makovu kwa miongo. Baadaye mwanafunzi wa Angle mwenyewe, Charles Tweed wa Arizona, alichoka kuona meno aliyoyapanga yakirudi yalikotoka, akaanza kung'oa.

Angle alitaka pia uso wa mfano, wa kuonyesha wanafunzi wake sura iliyolingana ni ipi. Akachagua Apollo wa Belvedere, sanamu ya marumaru iliyoko Vatican. Yaani kuna wakati swali la kama meno yako yamepinda lilijibiwa kwa kukupima na mungu wa Kigiriki aliyechongwa kwenye jiwe. Sisemi ni mzaha tu. Mashine ilipokuja, ya kushika kichwa mahali pamoja ili eksirei za miaka tofauti zilinganishwe (Broadbent aliitangaza Cleveland mwaka 1931), vipimo vilitafutiwa watu halisi. Mwaka 1948 William Downs akachapisha vipimo vya uso uliolingana alivyopata kwa vijana 20 wazungu, wa miaka 12 hadi 17. Ni vijana ishirini. Miaka mitatu baadaye, Cotton, Takano na Wong wakachukua vipimo hivyo hivyo wakavipeleka kwa Wamarekani weusi, Wamarekani wenye asili ya Japani na Wachina, wakakuta havitoshei. Watu weusi wenye meno yaliyokutana vizuri kabisa walikuwa na meno ya mbele yaliyoinama mbele zaidi kuliko ya wale ishirini.

Hapo nilisimama nikampigia dadangu tena. "Muulize daktari anampima na nani." Akanijibu, "Wewe, ni saa saba." Lakini aliuliza, siku iliyofuata. Daktari hakukasirika. Alisema mtoto mweusi akiwa na midomo iliyojaa na meno yaliyoinama kidogo, hana shida yoyote, na yeye huwarudisha wengi nyumbani. Shida ya huyu si kuinama. Ni nafasi kati ya juu na chini, milimita tisa, na midomo haifungi bila kukazwa.

Na hii haikuanza na Angle, wala na sisi. Dani yangu ana picha ya mama yake, ameketi nje ya nyumba, anacheka, na chini mbele hana meno sita. Wajaluo wa zamani waliyang'oa kwa makusudi, mtoto akielekea utu uzima. Iliitwa nak. Wamasai walitoa mawili ya chini, na sababu moja inayotajwa ni kwamba mtu akishikwa na pepopunda, taya likifunga, apate pa kupitishiwa uji au maziwa. Pwani, mwanya kati ya meno mawili ya mbele ni urembo unaosifiwa. Angle angeufunga bila kuuliza. Kila jamii ilikuwa na jibu la swali la "lini", na jibu lilitokana na jamii ilitaka mtoto awe nani. Bibi wa kwenye picha hakuulizwa kama yuko tayari. Umri wake ulikuwa umefika, basi.

Sasa turudi kwa samaki mbichi, kwa sababu hapo ndipo 80,000 ilipokuwa imelala.

Wakati Marekani inashindana na nyaya, Ulaya ilishika njia nyingine. Viggo Andresen alikuwa daktari wa meno Mdenmarki aliyekuja kufanya kazi Norway. Inasimuliwa kwamba binti yake alikuwa anaenda likizo ya kiangazi, akamvua nyaya na kumtengenezea kifaa kilegevu cha kuvaa usiku, ili meno yasirudi nyuma tu. Binti aliporudi, baba akakuta mdomo umenyooka zaidi kuliko alivyouacha. Andresen na mwenzake Karl Häupl wakajenga juu ya hilo nadharia nzima katika miaka ya 1930: taya la mtoto linakua, kwa hiyo ukilishika mapema na kulielekeza mbele, misuli na mfupa vitafuata. Hiyo ni methali ya Mama kwa Kijerumani.

Kifaa alichopendekezewa mpwa wangu ni mjukuu wa wazo hilo. Kilibuniwa Uskoti na William Clark mwaka 1977, na chanzo chake kilinikalisha kitini. Mtoto wa daktari mwenzake, mwenye miaka minane na ushei, alianguka na jino la mbele la juu likatoka lote. Lilirudishwa, lakini meno yake ya juu yalikuwa yametangulia sana, na kila akifunga mdomo, mdomo wa chini unanaswa nyuma ya jino lile bovu na kulisukuma nje. Clark alihitaji kitu cha kuleta taya la chini mbele upesi, mtoto akiendelea kula na kuongea. Akatengeneza vipande viwili, cha juu na cha chini, vyenye miinuko inayokutana kwa mteremko.

Mimi nilianguka nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa saa ya mapumziko, korido ya saruji iliyotoka kuoshwa. Watoto wengine wakianguka huumia kidevu au magoti. Mimi kilichotangulia kugusa chini ni meno. Moja lilivunjika kwa mshazari, na kwa kuwa hakuna aliyefikiri jino ni dharura, nilipelekwa kwa daktari baada ya wiki mbili, likiwa limeanza kubadilika rangi. Kuanzia hapo hadi kidato cha pili nilikuwa na majina mawili, Sungura na Pembe, kulingana na nani anaita. Nilijifunza kucheka na mkono mdomoni. Bado hufanya hivyo, na watu hudhani mimi ni mtu wa haya.

Kwa hiyo mimi pia, kabla ya kusoma chochote zaidi, nilikuwa upande wa Mama. Mkunje. Mkunje leo.

Kisha nikafika kwenye miaka ya 1990. Kwa karibu karne nzima madaktari walikuwa wanabishana kwa kuonyeshana wagonjwa wao waliofaulu. Hatimaye wachache wakafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa zamani: waliwagawa watoto kwa kura. Vyuo viwili Marekani, North Carolina na Florida, na kikundi cha Uingereza kilichoongozwa na Kevin O'Brien wa Manchester. Watoto wa Uingereza walikuwa 174, wa miaka 8 hadi 10, wote na meno ya juu yaliyotangulia. Nusu walipewa kile kifaa cha Clark mapema. Nusu waliambiwa wangoje. Halafu wote wakafuatiliwa hadi bresi zilipoisha, miaka mingi baadaye.

Wale wa mapema walibadilika haraka. Meno yalirudi ndani, na mwanzoni walijisikia vizuri zaidi na kutaniwa kidogo kuliko wenzao. Ungesimama hapo ungempa Mama ushindi. Lakini mwisho wa safari, waliongoja walifika pale pale. Nafasi ya meno ni ile ile, taya ni lile lile, hata hisia juu ya sura zao hazikutofautiana tena. Tofauti ni kwamba wa mapema walikuwa wamemwona daktari mara nyingi zaidi na kutumia pesa nyingi zaidi. Majaribio ya Marekani yalielekea huko huko. Taya lilikua jinsi lilivyokusudia kukua. Samaki huyu anakunjika akiwa na miaka minane na anakunjika akiwa na 12, na ukimkunja mara mbili unalipa mara mbili.

Shemeji alifurahi sana nilipoandika hivyo kwenye grupu. Alituma ngumi tatu na moto. Nikamwambia angoje, kwa sababu kuna sehemu moja ambayo kungoja kulishindwa.

Tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja na shirika la Cochrane, jambo moja lilibaki limesimama. Watoto walioanza mapema walivunja meno ya mbele kwa uchache zaidi. Basi, hilo tu. Faida yote ya kuanza na miaka minane, kwa mdomo wa aina hii, ni kwamba kati ya nane na 12 kuna miaka minne ya kukimbia kwenye korido za saruji.

Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Huwezi jua ingekuwaje, lakini nililala vibaya.

Niongeze jambo kabla mzazi fulani hajafunga ukurasa akisema tumeambiwa tungoje: haya ni ya meno ya juu yaliyotangulia peke yake. Kama ni taya la chini ndilo limepita la juu, mtoto anafunga mdomo na meno ya chini yanakuja mbele, hadithi ni nyingine. Huko Uingereza tena, waliovishwa kifaa cha kuvuta taya la juu wakiwa chini ya miaka 10 walifuatiliwa kwa miaka sita, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha waliohitaji upasuaji wa taya ni wachache kuliko walioachwa. Na mtoto ambaye taya lake huteleza upande mmoja kila akiuma, huyo pia kwa kawaida hangojeshwi. Ndiyo maana kuangaliwa mapema kuna maana hata kama jibu litakuwa "rudini baadaye".

Likizo ya Desemba nilimpeleka mpwa wangu makumbusho ya taifa pale Museum Hill. Sikuwa na mpango wa meno, alitaka kuona nyoka. Lakini tukapita kwenye chumba cha mifupa ya kale, na kuna yule kijana wa Turkana, aliyegunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu. Ana zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Alipokufa alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160, na ukisoma mifupa yake peke yake utasema ni kijana wa miaka 11 au zaidi. Ukisoma meno, yaliyojiandika ndani kidogo kidogo kama mti, utasema ni mtoto wa minane hivi. Chonge ya juu ya utotoni ilikuwa bado haijatoka.

"Kama mimi," mpwa wangu akasema, akiweka kidole kwenye chonge yake.

Hilo ndilo swali nililorudi nalo kwa daktari, safari hii nikiwepo mwenyewe. Hiyo 12 inatoka wapi? Akacheka. Akasema 12 ni namba ya kuwaambia wazazi. Yeye anangoja meno ya utotoni yaishe au yakaribie kuisha, na anangoja mtoto aanze kurefuka ghafla, kwa sababu taya la chini hurefuka naye. Wasichana huanza mapema kuliko wavulana, mara nyingi mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo kwa huyu inaweza kuwa 10 na nusu, inaweza kuwa 11. Ukingoja siku ya kuzaliwa unaweza kulikosa basi. Ukishapita hapo, meno bado yatapangika, hata ya mtu mzima, ila taya halitakusaidia tena. Likiwa nyuma sana, kinachobaki ni kulificha kwa kusogeza meno au kulipasua.

Akaniangalia mdomo wakati anasema hayo. Nikaufunga.

Uamuzi haukuwa wa sayansi peke yake. Kama 80,000 ingekuwepo, nadhani tungeanza, kwa sababu ya korido. Haikuwepo. Kulikuwa na karo ya Januari na kodi, na dadangu hakutaka deni la pili juu ya lile la kwanza. Pia daktari alikiri kwamba kifaa kinavaliwa karibu saa zote, na mtoto anayekivua darasani na kukisahau kwenye dawati hapati faida yoyote. Huyu hupoteza sweta mbili kila muhula.

Tulikubaliana hivi. Tunangoja. Anaangaliwa kila miezi sita, bei ya kuangaliwa tunaimudu. Alitengenezewa kinga ya meno kama ya mabondia, anaivaa akicheza mpira na akiteleza na viatu vya magurudumu kwenye maegesho ya ploti yao. Mwalimu wake wa darasa ameambiwa, kwa maandishi, kwamba jino la ukubwani likitoka lote lishikwe upande wa juu, lisiguswe mzizi, lioshwe haraka na kurudishwa mahali pake, au litiwe kwenye maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari saa hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeiandika hiyo barua. Na kila tarehe tano natuma 2,000 kwa dadangu, shemeji naye anaongeza, na Mama, ambaye bado anaamini tumekosea, hutuma zake bila kusema.

Mpwa wangu mwenyewe amechukua daftari la hesabu na kuchora mdomo. Meno ya utotoni aliyobaki nayo yalikuwa 12: chonge nne na magego manane. Jumapili iliyopita alinipigia kwa simu ya mamake. Chonge ya chini kushoto imetoka wakati anakula hindi la kuchoma, ameitupa juu ya mabati ya jirani, na sasa, anko, yamebaki 11.